Kasi ya Pumba Tumboni

Mbung'o wa mwisho wa asili alinaswa Unguja mwaka 1996, baada ya madume waliotiwa utasa kwa mionzi kumwagwa kwa ndege hadi kizazi kikakatika. Nagana, maradhi ya mifugo yanayoenezwa na mbung'o, ilipoondoka, ng'ombe wa maziwa wa damu ya kigeni walipata nafasi vijijini, nao wanataka chakula kingi kuliko yule wa kienyeji anayefungwa kamba minazini. Ndipo pumba na mabaki ya mjini yanapoingia horini, na ndipo tunapokosea: tunauliza ni chakula gani, hatuulizi kimeingia kwa kasi gani.

Anayelishwa kwanza si ng'ombe, ni bakteria wa tumbo lake kubwa, na kila chakula kina bakteria wake. Akimwagiwa ghafla ndoo ya pumba za mahindi au wali uliobaki harusini, wale wa wanga huzaana ndani ya saa chache, asidi hupanda, na wa nyasi hufa. Ng'ombe husita kula, huacha kucheua, huharisha, pengine hufa. Kiasi cha wastani kikiongezwa kidogokidogo kwa wiki mbili au tatu, tumbo hukizoea. Kwamba bakteria wa tumbo ndio huamua, ushahidi mzuri ni lusina, mti unaopandwa kwa malisho. Sumu yake, mimosini, iliumiza ng'ombe wa Australia, ilhali mbuzi wa Hawaii waliila salama. Miaka ya 1980 mtafiti Raymond Jones alihamisha viumbe vya matumbo ya mbuzi hao hadi Australia, na ng'ombe wa huko wakaimudu. Jani lilikuwa lilelile; kilichobadilika ni tumbo.

Watu watasema ng'ombe wa kienyeji mbona hula kila kitu. Huyo hutafuna majani mchana kutwa, na mate yake mengi, yenye chumvichumvi za aina ya magadi, huzima asidi. Hoja nzito zaidi ni kwamba mfugaji hana ghala, hulisha alichojaaliwa siku hiyo. Ni kweli, na ndiyo sababu lazima awe na kitu kimoja kisichobadilika: nyasi zilizokatwa masika yanapoisha, zikakaushwa na kuwekwa juu ya uchaga.

Basi ndugu mfugaji, tanguliza majani, pumba zifuate, na kila kipya kianze kwa konzi. Ukiona ng'ombe hacheui, ondoa pumba, umwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.