Kwa Nini Video Nyingine Hugoma

Haya wajukuu, sogeeni. Mmeniuliza kwa nini ile video ya vikundi vya ngoma vya Wagika na Wagalu vikishindana, aliyoirekodi mjomba wenu kwa iPhone hapa Somanda, kwenye kivinjari cha kompyuta inatoa sauti tu huku kioo ni cheusi. Simu si mbovu, wala kompyuta haina virusi. Ni ugomvi wa wenye mali.

Video ni mzigo mzito. Ile ya HD kamili, ya picha 25 kwa sekunde, isipobanwa hula MB 155 hivi kila sekunde; bando la GB 1 lingekata hata hujahesabu hadi kumi. Ndiyo maana hubanwa kwa hesabu iitwayo kodeki. Uwanja wa nyuma ukiwa haujasogea, hauandikwi upya. Unaandikwa mguu ulioruka tu. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za mtandao, nacho sharti kiijue hesabu hiyohiyo, la sivyo hakionyeshi picha.

Kodeki ya H.264 ilitoka mwaka 2003, na ufundi wake una hataza za makampuni mengi. Hataza ni haki ya kumzuia mwingine kutumia ulichobuni mpaka akulipe. Mozilla, wanaogawa kivinjari cha Firefox bure, walikataa kulipa. Mwaka 2010 Google wakainunua kampuni ya On2, wakaitoa bure kodeki yake, VP8. Wapi! Dunia ilikwishajaa video za H.264. Mozilla wakalegeza msimamo, Firefox ikawa inaazima kifunguzi kilichomo ndani ya simu au kompyuta yenyewe. Mimi siwalaumu, walipigana kadiri walivyoweza.

Iliyofuata, H.265 ya mwaka 2013, ndiyo iliyomponza mjomba. Wenye hataza zake waligawanyika vikundi vitatu, kila kimoja na ankara yake. Huo ni ulafi, nasema wazi. Apple wakaitia kwenye iPhone mwaka 2017, lakini Chrome, kivinjari cha Google, haikuifungua hadi 2022, na mpaka leo inategemea kifaa chako. Google, Mozilla na wenzao walishaungana tangu 2015, wakatoa AV1 mwaka 2018, isiyodai mrabaha.

Mwambieni mjomba aingie kwenye mipangilio ya kamera, kwenye Miundo, achague ile inayokubalika kwingi. Video atakazorekodi baada ya hapo zitakuwa nzito zaidi, ila zitafunguka.