Kabla ya kulipia chumba Nairobi, tazama zaidi ya jina lililo mlangoni

MNAMO Desemba 31, 2022, hoteli ya Hilton iliyokuwa katikati ya jiji la Nairobi ilifunga milango yake, miaka 53 baada ya kufunguliwa. Mnara wake wa mviringo ungali umesimama kando ya Barabara ya Moi, na wapo wakazi wa jiji ambao hadi leo huambiana wakutane “pale Hilton”, ingawa hakuna mgeni anayeweza tena kupewa ufunguo wa chumba humo kwa jina hilo.

Miaka miwili kabla ya hapo, katika 2020, hoteli ya InterContinental, ambayo nayo ilikuwa imehudumu kwa takriban nusu karne hatua chache kutoka hapo, ilikuwa imefungwa. Kwa wafanyakazi, huko kulikuwa kupoteza riziki. Kwa msafiri wa kawaida, matukio hayo mawili yalifichua jambo ambalo ni wachache hulizingatia wanapochagua malazi: jina linalong’aa juu ya mlango wa hoteli si lazima liwe la mwenye nyumba, na linaweza kuondoka hali kuta zimebaki.

Jambo hili lina uzito kwa yeyote anayetafuta chumba Nairobi, awe mzazi anayekuja kwa mahafali ya mwanawe, mfanyabiashara kutoka Mombasa, au katibu wa chama aliyetwikwa jukumu la kuwatafutia wanachama 40 mahali pa kukutana na kulala. Wengi wao huona jina maarufu, wakatulia na kulipa. Walakini, jina ni sehemu moja tu ya kinachonunuliwa.

Ahadi ya jina

Misururu ya hoteli ilizaliwa kutokana na hofu ya msafiri. Mtu aliyefika mji asioujua hakuwa na njia ya kutambua iwapo kitanda kingekuwa safi au iwapo bei ingebadilishwa usiku. Conrad Hilton alinunua hoteli yake ya kwanza katika mji mdogo wa Cisco, jimbo la Texas nchini Marekani, mwaka wa 1919. Mnamo 1952, Kemmons Wilson alifungua Holiday Inn ya kwanza mjini Memphis, baada ya kuchoshwa na nyumba za wageni zisizotabirika alizozipitia akiwa safarini na familia yake.

Walichouza watu hao kilikuwa zaidi ya kitanda. Kilikuwa ahadi kwamba aliyelala vyema katika hoteli yao moja angelala vyema katika nyingine yoyote yenye jina lilo hilo. Ahadi hiyo ndiyo inayomfanya mgeni leo kukubali kulipa zaidi kwa jina alijualo.

Hata hivyo, namna ahadi hiyo inavyotimizwa hutegemea mpangilio ulio nyuma ya pazia, na mipangilio mikuu ni mitatu.

Wa kwanza ni ule ambapo kampuni moja inamiliki jengo na kuendesha hoteli. Serena ni mfano ulio karibu: nyuma yake ipo kampuni ya TPS Eastern Africa, ambayo hisa zake huuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi.

Mpangilio wa pili ni mkataba wa usimamizi. Hapa mwenye jengo ni mmoja na mwendeshaji ni mwingine. Villa Rosa Kempinski, iliyofunguliwa Westlands mwaka wa 2013, ni mali ya kampuni ya Kenya ya Simba Corporation, ilhali usimamizi ulikabidhiwa kampuni ya Kempinski kutoka Ulaya. Hilton ya katikati ya jiji vilevile ilikuwa na wenye hisa wengine katika umiliki wake, Serikali ya Kenya ikiwa miongoni mwao.

Wa tatu ni leseni ya jina. Mwenye hoteli hulipia haki ya kutumia jina, nembo na mfumo wa kukodisha vyumba wa kampuni kubwa, lakini huajiri na kuendesha mwenyewe. Kampuni yenye jina hutuma wakaguzi na kuweka masharti, ila mpishi na mhudumu wa mapokezi hulipwa na mwenye hoteli.

Mgeni anafaidika vipi kwa kuyajua haya? Kwanza, ataelewa kwa nini hoteli mbili zenye jina moja katika jiji moja huweza kutofautiana kwa usafi wa zulia na kwa upole wa wahudumu. Pili, panapotokea mzozo kuhusu pesa, atajua kwamba makao makuu ya ng’ambo huenda yasiwe na mamlaka ya kumrejeshea chochote. Risiti yake kwa kawaida hubeba jina la kampuni iliyopokea malipo, na hiyo ndiyo ya kuulizwa kwanza.

Majina mengi, nyumba chache

Anayelinganisha hoteli za Westlands anaweza kudhani kuwa Mövenpick na ibis Styles ni wapinzani wasiojuana. Ukweli ni kwamba majina yote mawili yamo chini ya kampuni ya Ufaransa ya Accor, ambayo ilinunua Mövenpick mwaka wa 2018. Accor iyo hiyo ilitwaa jina la Fairmont mnamo 2016, na kwa hivyo Fairmont The Norfolk, hoteli iliyofunguliwa mwaka wa 1904 kabla hata Nairobi haijawa mji mkuu, ikaingia katika ukoo huo.

Aidha, Four Points by Sheraton ilikuwa ya kampuni ya Starwood hadi Marriott ilipoinunua Starwood mwaka wa 2016. Radisson Blu na Park Inn nazo ni za familia moja. Na Hilton ilipoondoka katikati ya jiji mnamo 2022 haikuondoka Nairobi. Ilisalia na hoteli ya Hilton Garden Inn karibu na uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta, JKIA.

Kila jina katika familia hizi limepangiwa ngazi yake. Ibis Styles imekusudiwa mgeni anayetaka chumba nadhifu kwa bei ya wastani. Fairmont imekusudiwa mgeni anayetaka anasa. Kuzilinganisha kwa bei pekee ni sawa na kulinganisha matatu na teksi kwa kuwa zote zina magurudumu. Swali la busara ni iwapo ngazi fulani inalingana na haja ya safari. Anayefika saa nne usiku na kuondoka alfajiri hana faida na bwawa la kuogelea atakalolilipia bila kuliona.

Ikumbukwe pia kwamba jina la msururu na nyota ni vitu viwili tofauti. Humu nchini, nyota hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii kwa kufuata vigezo vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nyota hupima vifaa na huduma. Hazimwambii mgeni kama mtaa una kelele, wala kama mkutano wake uko upande wa pili wa jiji.

Mahali kabla ya bei

Katika Nairobi, umbali hupimwa kwa saa zaidi ya kilomita. Hoteli nzuri iliyo upande usiofaa wa msongamano wa magari ni hasara inayojirudia kila asubuhi.

Mwenye ndege ya alfajiri hana budi kuzifikiria hoteli zilizo karibu na JKIA na Barabara ya Mombasa. Eneo hilo linamfaa pia anayefika usiku kwa reli ya SGR, kwani kituo chake kiko Syokimau, nje ya katikati ya jiji.

Mwenye mgonjwa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta au Nairobi Hospital atapata nafuu akilala Upper Hill au Hurlingham, ambako pia kuna hoteli za misururu. Kwake yeye, dakika 10 za kufika kando ya kitanda cha mgonjwa zina thamani kuliko mandhari ya dirishani.

Mwenye shughuli katika afisi za Serikali, mahakama au jumba la mikutano la KICC atafaa kukaa katikati ya jiji au pembezoni mwake, zilipo Sarova Stanley, Serena na Sarova Panafric. Na mwenye mkutano katika afisi za Umoja wa Mataifa huko Gigiri atakuwa karibu zaidi akilala Westlands kuliko Upper Hill.

Barabara ya juu ya Expressway, iliyofunguliwa mwaka wa 2022 na yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, imepunguza sana safari ya JKIA kwenda Westlands. Lakini hutozwa ada, na teksi nyingi humwachia abiria mzigo huo. Ni gharama ya kuhesabiwa mapema.

Hesabu kamili

Bei ya kwanza kuonekana mara nyingi si bei ya mwisho. Malazi hutozwa ushuru wa ziada ya thamani, VAT, wa asilimia 16. Juu yake ipo ada ya utalii ya asilimia 2, ambayo kwa miaka mingi imesaidia kukigharamia Chuo cha Utalii kilicho kando ya Barabara Kuu ya Thika. Baadhi ya hoteli huongeza ada ya huduma. Baadhi hutaja bei ikiwa na haya yote ndani, nyingine huyaacha nje hadi siku ya kulipa.

Mfano wa kubuni utaonyesha tofauti. Hoteli ya kwanza inataja Sh12,000 kwa usiku, bila ushuru wala kiamshakinywa. Ya pili inataja Sh15,500, kila kitu kikiwa ndani, na mgeni aweza kutembea kwa miguu hadi anakokwenda. Kwa macho, ya kwanza ni nafuu kwa Sh3,500.

Sasa hesabu ifanywe. Sh12,000 pamoja na VAT ya Sh1,920 na ada ya utalii ya Sh240 ni Sh14,160. Kiamshakinywa cha Sh1,500 kinafikisha Sh15,660. Teksi ya Sh700 kwenda na Sh700 kurudi inafikisha Sh17,060. Kwa siku tatu, hoteli “nafuu” itagharimu Sh51,180, ilhali ile “ghali” itagharimu Sh46,500. Rahisi imegeuka ghali kwa Sh4,680.

Isitoshe, hoteli nyingi huwa na bei mbili: ya wageni wa kigeni, mara nyingi kwa dola, na ya wananchi na wakazi kwa shilingi. Anayekodi chumba kupitia mtandao huenda asionyeshwe ile ya pili. Simu moja kwa idara ya kukodisha vyumba, pamoja na kitambulisho wakati wa kuingia, huweza kuokoa fedha nyingi.

Vilevile, bei ya chini kabisa katika mtandao aghalabu huwa ile isiyorejeshwa. Mkutano ukiahirishwa au mgonjwa akiruhusiwa kurudi nyumbani mapema, pesa zimekwenda. Ambaye ratiba yake inayumba afadhali alipe zaidi kidogo apate ruhusa ya kubatilisha.

Pointi, usalama na misururu ya nyumbani

Misururu mikubwa huwapa wageni wa mara kwa mara pointi zinazoweza kugeuzwa kuwa usiku wa bure. Pointi hizi zina thamani kwa anayesafiri kila mwezi. Kwa anayekuja Nairobi mara moja kwa mwaka, si sababu ya kumfanya alale mbali na kazi yake. Na pale mwajiri anapolipia safari huku pointi zikienda kwa mfanyakazi, ni vyema ofisi iwe na kanuni iliyo wazi, isije hoteli ikachaguliwa kwa maslahi ya mmoja.

Kuhusu usalama, wakazi wa Nairobi hawajasahau Januari 2019, majengo ya 14 Riverside yenye hoteli ya DusitD2 yaliposhambuliwa na watu 21 wakauawa. Ukaguzi langoni si usumbufu wa kulalamikiwa. Mgeni aulize pia njia za dharura ziko wapi, na azitazame kwa macho kabla ya kulala.

Si haki pia kudhani kuwa msururu ni lazima utoke ng’ambo. Sarova, Serena na PrideInn zimejenga sifa humu nchini, na Stanley, inayoendeshwa na Sarova, ilianza mwaka wa 1902. Faida ya msururu wa nyumbani ni kwamba wenye uamuzi wako karibu: malalamishi hayalazimiki kuvuka bahari.

Kuuliza si ujinga. Kabla ya kutuma pesa, mteja aombe majibu ya maandishi kwa maswali machache: jumla ya bei ikiwa na ushuru ni ngapi? Kiamshakinywa kimo? Nikibatilisha, nitarudishiwa kiasi gani na baada ya siku ngapi? Nani hasa anayepokea malipo haya? Kwa anayeandalia kikundi, aongeze swali la tano: hoteli ikishindwa kutoa vyumba vyote, itawapeleka wanachama wapi na kwa gharama ya nani?

Hoteli inayojibu maswali hayo bila kuzunguka imekwisha kuonyesha jinsi itakavyompokea mgeni. Ile inayojibu kwa kutaja tu ukubwa wa jina lake inastahili kukumbushwa mnara wa Barabara ya Moi, ambako jina kubwa lilidumu kwa miaka 53, kisha likashushwa.