Kupunguza Mfuko wa Chakula kwa Upasuaji: Je, Ni Dhambi?

Waamini hutuuliza, mara nyingi kwa aibu, kama ni halali kukatwa kiungo kisicho na ugonjwa ili kupunguza uzito. Namna zinazofanywa zaidi ni mbili. Katika ya kwanza daktari huondoa takriban robo tatu za mfuko wa chakula, ukabaki mwembamba mfano wa ndizi. Kilichoondolewa hakirudishwi tena. Katika ya pili hutengwa kifuko kidogo upande wa juu, kikaunganishwa na utumbo mwembamba, chakula kikapita njia ya mkato.

Kanisa hujibu kwa kanuni ambayo Papa Pio XII aliifafanua mwaka 1952: kiungo kipo kwa ajili ya mwili mzima, nacho chaweza kutolewa pale uzima wa mwili unapodai hivyo. Kwa hiyo, mwenye kisukari au shinikizo la damu kwa sababu ya unene uliokithiri hatendi dhambi. Atafutaye umbo la kupendeza tu hawezi kuitegemea kanuni hiyo. Wala tusimwite mgonjwa mlafi; unene una sababu nyingi, zikiwemo za kurithi.

Masharti ya baadaye yafahamike mapema: vitamini maisha yote, vipimo vya damu, milo midogo midogo. Pombe nayo hulevya upesi zaidi, hasa baada ya upasuaji wa namna ya pili.

Kuhusu mfungo wa saa moja kabla ya Komunyo, Kanuni ya 919 ya Sheria za Kanisa huwaruhusu wagonjwa kupokea hata kama wamekula. Aliyeagizwa na daktari kula kidogo kidogo asibaki kwenye benchi.