Picha ya Utumbo: Ulipie Ipi?

Mwenye ugonjwa wa Crohn, uvimbe sugu wa utumbo, hapigi picha mara moja akamaliza. Ugonjwa huu hulala na kuamka kwa miaka, na kila ukiamka daktari anataka kuona ndani. Hapo mfuko nao huanza kuuma.

Mwanzoni usiikwepe kolonoskopi, kamera inayopitia njia ya haja kubwa. Ndiyo inayokata kinyama cha kupeleka maabara, na kwetu Afrika Mashariki kinyama hicho kina kazi ya ziada: kifua kikuu cha utumbo hufanana sana na Crohn, na dawa za kutuliza Crohn huweza kukichochea. Ninachopima hapa ni gharama za ufuatiliaji.

Ultrasaundi ndiyo nafuu kuliko picha zote. Unalala, unapakwa jeli ya baridi, mpimaji anakandamiza kifaa chini ya kitovu upande wa kulia, pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana, anapima unene wa ukuta. Ukizidi milimita 3, kuna jambo. Hakuna mionzi, wala kukesha chooni kwa dawa ya kusafisha tumbo. Kasoro yake ni kwamba unalipia jicho la mtu. Anayepima wajawazito kutwa nzima si lazima awe anajua kusoma utumbo, kwa hiyo muulize kabla hujalipa. Puru nayo imejificha ndani ya nyonga, haionekani vizuri.

MRI ni ghali, na ina jasho lake: unakunywa lita moja hivi ya kinywaji maalumu, taratibu, kama saa nzima, kisha unaingia kwenye mtambo nusu saa au zaidi. Lakini inaonyesha utumbo mwembamba wote pamoja na fistula (njia isiyo ya kawaida inayotoboka kutoka kwenye utumbo), tena bila mionzi. Bei ya dirishani huenda ni ya mtambo tu. Uliza kama ndani yake mna sindano ya dawa ya kung'arisha picha, kipimo cha figo na ripoti ya daktari.

CT scan huchukua dakika chache na kwa kawaida huwa chini ya MRI kwa bei, ila ina mionzi, na kijana wa miaka 20 ana picha nyingi mbele yake. Usiku wa dharura, tumbo limejaa na usaha unashukiwa, usibishane: ipigwe.

Kidonge chenye kamera nakiweka kando. Palipo na mfinyo hukwama, na kukitoa huenda kukadai upasuaji.

Mimi ningeanza na kipimo cha choo cha kalprotektini, protini inayoashiria uvimbe ndani ya utumbo, kisha ultrasaundi kwa mpimaji mzoefu. Pesa ya MRI ningeiweka kwa ajili ya fistula, au pale matibabu yanapotaka kubadilishwa. Na tafadhali, kila uendako nenda na CD ya picha za zamani, usije ukalipia upya ulichokwisha kulipia.