Taa ya gari linaloserereka ina maana gani?

Msikilizaji, dereva anapofungua swichi kabla ya kuwasha injini, tazama dashibodi. Kwenye magari mengi yanayotoka Japani utaona taa ndogo yenye picha ya gari na mistari miwili iliyojipinda nyuma yake. Inawaka sekunde chache, kisha inazimika.

Ni taa ya mfumo unaozuia gari kuserereka. Toyota wanauita VSC, wengine ESP au ESC.

Chukua barabara ya vumbi ya huku kwetu Kerende. Probox imejaa abiria, ng'ombe anakatiza ghafla, dereva anakata usukani kulia. Matairi ya mbele yanatii, lakini ya nyuma yanateleza kwenda kushoto na gari linataka kujizungusha. Mfumo huu una sensa kwenye usukani, kwenye matairi na ndani ya bodi. Unalinganisha dereva anakotaka kwenda na gari linakoelekea kweli. Ukiona havilingani, unabana breki ya tairi moja tu, hapa la mbele kushoto, na kupunguza nguvu ya injini hadi gari linyooke. Dereva hata awe hodari vipi hawezi kufanya hivyo, maana pedali ni moja na ikikanyagwa inabana matairi yote.

Mercedes-Benz na Bosch waliuingiza sokoni mwaka 1995. Miaka miwili baadaye, Mercedes ndogo aina ya A-Class ilipinduka kwenye majaribio ya kukwepa kizuizi nchini Sweden, na kampuni ikalazimika kuufunga mfumo huo kwenye kila gari la aina hiyo. Tangu Novemba 2014 kila gari jipya linalouzwa Umoja wa Ulaya lazima liwe nao. Magari yetu mengi ni ya zamani kuliko hapo. Mengine yanao, mengine hayana, hata yakiwa ya jina moja.

Kwa hiyo unayenunua gari la mtumba, fungua swichi uangalie. Taa isipowaka kabisa, ama gari halina mfumo, ama taa imekatwa ili mteja asijue kuna hitilafu. Ikiwaka na kubaki hivyo hata safarini, mfumo haufanyi kazi. Mara nyingi ni sensa ya tairi au waya wake, vitu vinavyoumia haraka kwenye mawe na matope. Ikipepesa ukiwa kwenye kona, inafanya kazi na inakwambia umezidisha mwendo.

Lakini breki hushika kwa msaada wa tairi. Tairi likiwa kipara, mfumo hauna cha kushikilia. Na gari lililobeba watu kumi na magunia juu linaweza kupinduka hata taa ikiwa nzima.

Madereva wengine huuzima kwa kitufe wakinasa kwenye tope, kwa sababu unapunguza nguvu ya injini pale tairi linapozunguka bure. Si kosa. Ukishatoka, bonyeza tena. Kwenye magari mengi, ukizima injini na kuwasha upya, mfumo unarudi wenyewe.