Akiba Haiozi: Habari za Jan Koller

Muhula huu mwalimu wa michezo alinitoa mstari wa mbele akanipeleka golini. Nilinuna siku tatu, maana kila mtoto hutaka kufunga, na golikipa hakumbukwi ila siku ya kufungwa. Kisha nikasoma habari za Jan Koller. Naomba nafasi katika gazeti letu niwaeleze wenzangu.

Koller ni Mcheki, aliyezaliwa Prague mwaka 1973. Kimo chake ni mita 2 na sentimita 2. Ujanani alifundishwa ugolikipa, ndipo baadaye akahamishiwa mbele. Alichezea Sparta Prague, halafu Lokeren na Anderlecht za Ubelgiji. Mwaka 2001 alijiunga na Borussia Dortmund ya Ujerumani, akatwaa nayo ubingwa mwaka 2002. Timu yake ya taifa aliichezea mara 91 akaifungia magoli 55.

Wengi hudhani mtu mrefu kazi yake ni kupiga kichwa tu. Sivyo. Koller alisimama akimpa mlinzi mgongo, akapokea mpira mrefu, akautuliza kwa kifua, kisha akampa mwenzake anayekuja mbio. Kwa hiyo hata asipofunga, wengine walifunga kwa ajili yake. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2006 aliifunga Marekani mapema, lakini akaumia mguu katika mchezo huo huo. Wacheki walishinda siku ile, ila mchezo uliofuata Ghana iliwafunga 2-0, kisha Italia nayo 2-0, wakarudi kwao.

Lakini lililonigusa ni la Novemba 2002, mjini München. Dortmund walicheza na Bayern, na Koller ndiye aliyetangulia kufunga. Bayern wakarudisha, wakaongeza la pili. Kisha golikipa Jens Lehmann akatolewa na refa, na wachezaji wa akiba watatu walikwisha kuingia. Nani akae golini? Koller akavaa glavu. Kwa dakika zaidi ya 20 hakufungwa hata moja. Dortmund walishindwa 2-1, lakini si kwa kosa lake.

Koller aliacha kucheza mwaka 2011. Mimi nimeacha kununa. Jumamosi iliyopita nilifungwa mawili na kuokoa matano, na Jumatatu nilikuwa wa kwanza uwanjani.