Chati zilizovunja rekodi Nyanda za Juu Kusini

Chati iliyosomwa na wengi zaidi Iringa haikutundikwa ofisini. Ilikuwa kadi ya kliniki ya mtoto. Kati ya 1983 na 1988 serikali, UNICEF na WHO, kwa fedha za Italia, waliendesha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo, enzi Njombe ikiwa bado ndani yake. Mizani ilitundikwa, mtoto akavalishwa kaptura ya kupimia, akalia huku miguu ikielea hewani. Mhudumu alisoma kilo, akaweka nukta kwenye kadi. Ikiangukia kijani, mama anashusha pumzi. Kijivu, mtoto aangaliwe kwa karibu. Nyekundu maana yake uzito haufiki hata asilimia 60 ya ule unaostahili umri wake. Hata asiyejua kusoma alizijua rangi.

Kadi hizo ndizo zinazoshikilia pia rekodi ya mstari ulioshuka kwa heri. Watoto wenye uzito pungufu walitoka asilimia 55.9 hadi 38.1, wa nyekundu, 6.3 hadi 1.8. Naamini siri ilikuwa hii: hesabu ilijadiliwa kijijini kwanza, ndipo ikapanda wilayani. Watu walipokaa nayo waliona kwamba ghala lenye mahindi halitoshi. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, halishibi kwa milo miwili ya ugali, na mama yuko shambani tangu alfajiri. Vijiji vikaanzisha vituo vya kulelea watoto mchana.

Kutoka hapo ulizaliwa mchoro uliosafiri mbali kuliko wote. Uzoefu wa Iringa ulichangia ule mchoro wa visababishi vya utapiamlo ambao UNICEF iliutoa mwaka 1990: juu mtoto, chini yake chakula na maradhi, chini zaidi malezi, huduma za afya na maji, na mwisho kabisa uchumi na siasa. Wanafunzi wa lishe duniani kote hufundishwa mchoro huo.

Mstari unaopanda juu zaidi ni wa reli ya Tanzania na Zambia. Chora mwinuko wa TAZARA, kilomita 1,860, nao unaanzia karibu na usawa wa bahari Dar es Salaam, unapanda hadi Uyole, Mbeya, mita 1,789.

Wa kusikitisha zaidi ni wa maji ya Mto Ruaha Mkuu. Zamani mto ulipungua kila kiangazi ukabaki unatiririka. Tangu 1993 mstari umekuwa ukigusa sifuri, wiki kadhaa kwa mwaka, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Maji huchepushwa juu, kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu, na ardhi oevu ya Ihefu imewahi kubeba mifugo mingi. Viboko hubanana kwenye vidimbwi. Chini zaidi, Bwawa la Mtera hujaa likifika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Likishuka hadi 690, mitambo ya umeme inatakiwa kuzimwa.

Imebaki nguzo moja ya chati, na hii inaniuma. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, nguzo ya udumavu iliyo ndefu kuliko zote nchini ni ya Iringa: asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano, taifa likiwa na 30. Miaka minne kabla Iringa ilikuwa 47.1. Mkoa wa mahindi, maharage, viazi na maziwa! Udumavu ni urefu kwa umri, na mizani haiuoni; mtoto anaweza kuwa na kilo zake nzuri na bado akawa mfupi kuliko anavyopaswa. Unahitaji ubao wa kupimia urefu, na mtu wa kuuliza.

Nguzo hiyo ningependa kuiona kwenye mbao za matangazo za vijiji, kando ya mapato na matumizi, ili mkutano mkuu wa kijiji ukikaa, mama mmoja anyooshe mkono amuulize mwenyekiti: hapa kwetu ni wangapi?